Rangi Bapa, kwa Ndunge Anayekwenda Pwani

Mwaitu,

Mama yako ameshamaliza yake. Nimemsikia kutoka huku mezani: dawa za malaria ziko mfuko wa pembeni, chandarua kisibaki, maji ya kisima ya kule yana chumvi usiyanywe hovyo, na zile shuka mbili ni zako, usiazime mtu. Kuhusu kula, kulala na kufua, basi, sina la kuongeza.

Nimeandika Mwaitu, mama yetu, badala ya Ndunge, kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, na kwa haya ninayotaka kusema ningependa yeye naye asikie.

Kuna neno moja sijalisema, na nyumba nzima inalijua. Sijakuambia nenda. Siku Riziki, yule mama anayeweka vivuli kwenye katuni, alipokupigia kwamba kazi ni yako, na kwamba wanakutaka Mombasa mkae chumba kimoja badala ya kutumiana kurasa kwa mtandao, ulikuja mbio dukani ukanishika mkono wenye brashi. "Baba, wamenichukua!" Nami nikakwambia umeniharibia herufi. Ni kweli iliharibika, ilitoka mkia chini ya bango la bucha la Abdi, lakini hilo halikuwa jibu. Jioni ulipouliza moja kwa moja, nikasema, "Kwani Nairobi hakuna katuni?" Tangu hapo nimekuwa nikizungumza nawe habari za mvua.

Mama yako hakuniacha. "Mtoto anangoja umwambie aende."

"Si ana tiketi?"

"Tiketi si babake."

Nimejaribu kulisema kwa mdomo nikashindwa, ndiyo maana nimekaa kuliandika. Na nikianza kuandika naona siwezi kulifikia bila kupitia zile kurasa za majaribio tulizopaka pamoja, kwa sababu ni katikati ya kazi ile nilipoona kinachonishinda.

Ulipoanza kunionyesha, nilidhani unacheza. Maisha yangu yote nimepaka rangi inayonuka, inayokauka, inayoingia chini ya kucha, na wewe ulikuwa umeketi kitandani na tableti, mikono safi kama ya karani. Nikakuuliza unapaka nini. Ukaniambia mchoraji wa katuni anachora kwa mistari ya wino tu, na baada yake yuko mwenye kuweka vivuli na mwanga, lakini kati ya hao wawili lazima awepo mtu wa kujaza kila kitu rangi moja tupu: shati, ngozi, mbingu, ndoo. Hakuna kivuli, hakuna mng'aro. "Ni kazi ya chini kabisa, Baba. Lakini kama haijafanywa, mwenye vivuli hana pa kushika." Nikaiita rangi bapa. Ulicheka, kwa sababu ninyi mna neno lenu la kazini, lakini baada ya wiki nikakusikia ukimwambia rafiki yako kwa simu, "Niko na rangi bapa za kumaliza," nikafurahi moyoni kama mtu aliyesikia wimbo wake ukiimbwa sokoni.

Mara ya kwanza uliponipa kalamu nigusishe mbinguni ile alama ya ndoo inayojaza rangi, ukurasa mzima ukawa samawati. Nyumba, watu, hata macho ya watu. Nikainua mikono juu kama niliyekamatwa.

"Nimevunja?"

"Hujavunja. Kuna tundu mahali. Rangi imevuja."

Tukakuza picha, tukazunguka mistari yote polepole hadi tukaipata: kati ya kiwiko cha mwanamume na ukuta, mchoraji aliinua mkono mapema kidogo, na mstari haukufunga. Nilitaka kuuziba palepale juu ya wino wake. Ukanishika kidole. "Wino wa mtu hauguswi. Tunaziba kwenye tabaka letu, chini yake." Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa juu ya ngazi. Katika kazi yangu, nikikuta bango la fundi mwingine limepinda, nalinyoosha na kujisifu. Sijawahi kujiuliza kama alilipinda kwa sababu.

Halafu siku ya mbuzi. Hiyo naandika kwa kujifurahisha tu. Ulikuwa umeleta kazi dukani kwa kuwa nyumbani stima zilipotea, Abdi akavuka barabara kutoka buchani kwake, akainama juu ya bega lako.

"Mutua, huyo ni nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi wa wapi?"

"Wa Ndunge."

"Mimi niko na mbuzi tangu nikiwa mdogo hivi. Nimeuza weusi, weupe, wekundu, wa madoa. Wa zambarau bado."

"Hiyo si rangi yake ya mwisho, mzee," ukamwambia. "Ni ya kumtenga na ukuta tu. Mwenye vivuli atambadilisha."

"Kwa nini asitengwe na rangi ya mbuzi?"

"Kwa sababu ukuta pia ni rangi ya mbuzi."

Abdi akafikiri sana. "Basi upake ukuta zambarau. Mbuzi ana heshima yake."

Na wewe ukaupaka ukuta. Nilikuona ukifanya hivyo bila kunung'unika, na nikajua hutasumbuka na watu huko uendako. Lakini jambo lenyewe nililichukua nikaenda nalo nyumbani. Kwangu mimi rangi imekuwa neno la mwisho siku zote. Mwenye hoteli akisema nyekundu, nikipaka nyekundu, imekwisha, jua litaila lakini mimi sirudi. Kumbe iko kazi ambayo rangi ya kwanza haisemi mtu huyu yukoje. Inasema tu kwamba huyu si yule.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo unalijua, ila sehemu moja yake huijui.

Riziki alikuwa amekupa kurasa za majaribio. Ukizifanya vizuri, kazi yako. Ukiziharibu, wapo wengine. Ukashikwa na homa. Mama yako alikufunika blanketi mbili na ulikuwa bado unatetemeka, na tarehe inakaribia. Nikakwambia lala, zilizobaki nitajaza mimi, ndoo naijua na matundu nayajua. Ukaniamini. Nilijaza kweli, tena vizuri. Halafu nikakuza picha niione kwa karibu, na nikaona kingo.

Wewe ulizaliwa na mtu ambaye jina lake lote limejengwa juu ya ukingo wa herufi. Pale mjini wakitaka bango la bei nafuu wanajua pa kwenda, na wakitaka herufi ambayo ukiitazama kwa karibu ukingo wake haujatetemeka, wanakuja kwangu. Na pale kwenye kioo kila umbo lilikuwa na ukingo wa ngazi: ngazi kwenye shati, ngazi kwenye shavu la mtoto, ngazi kwenye pembe za mbuzi. Niliona aibu kama nimekuta kazi yangu imetundikwa barabarani haijakamilika. Nikatafuta katika ile menyu mpaka nikapata kitu cha kulainisha, nikarudia umbo moja baada ya jingine, ukurasa baada ya ukurasa, hadi kila kitu kikawa laini kama kimepakwa kwa brashi ya nywele za ngamia. Nilikuamsha nikakuonyesha ukiwa na homa, kwa mbali, ukasema, "Ziko poa, Baba," ukazituma.

Jibu la Riziki lilikuja kwa sauti, na ulilifungua mbele yangu. "Ndunge mwanangu, rangi umezichagua vizuri, sina neno. Lakini kingo zina ukungu. Nikigusa shati nilishike, naambulia shati na utando kando yake. Itabidi nikate kila umbo upya mimi mwenyewe. Hebu niambie ukweli, kuna mtu alikusaidia?"

Ukanigeukia, blanketi mabegani.

"Aki Baba. Uligusa ile kitu ya kulainisha?"

"Zilikuwa na ngazi."

"Ngazi ndizo zinatakiwa! Hii si bango, Baba! Wino utazifunika hizo ngazi, hakuna mtu ataziona. Ukilainisha, pale ukingoni kunaingia rangi ambazo si za shati na si za ukuta. Sasa mashine itajuaje ni za nani?"

Nikatoka, nikaenda uani nikaosha brashi. Ulikuja nyuma yangu ukasema, "Si vibaya, ametupa hadi Jumatatu, tutarudia," ukidhani nimetoka kwa aibu ya kazi. Aibu ilikuwepo. Ila brashi zile zilikuwa safi tayari, na kilichonitoa nje kilikuwa sauti ya yule mama. Mwaitu, tangu tuondoke Pwani sikuwa nimesikia mtu akisema "mwanangu" namna ile, kwa kuivuta kidogo na kuiacha itue yenyewe. Ndivyo tulivyoongea sote. Ndivyo nilivyoongea mimi nilipofika hapa Machakos, na binamu zangu wakaniita Mutua wa Mombasa, wakanitania kwamba Kikamba changu ni cha mtu aliyekariri. Nilipopata kibarua Athi River, kuandika namba na maonyo kwenye kuta za viwanda, vumbi la saruji likiingia kwenye rangi kabla haijakauka, wenzangu walikuwa wakinifanya nirudie maneno ili wacheke. Nikajifunza kuongea kama wao. Hiyo sauti niliikunja nikaiweka mbali, na Riziki akaikunjua jikoni kwangu bila kujua.

Tulirudia kurasa zote. Wewe unakata kwa ile kamba ya kwenye tableti ya kuzungushia umbo, mimi najaza, mama yako analeta chai na kuuliza kama huyu wa kofia ndiye mwizi. Jumamosi tukafika ukurasa wa soko. Wanaume wawili wanagombana mbele juu ya mkokoteni uliopinduka, na nyuma yao umati umesimama unatazama. Mimi nikafanya kama ninavyofanya ukutani. Ukichora sherehe kwenye ukuta wa ukumbi, watu wa mbele unawapa nguo na nyuso, wa nyuma unawapiga rangi moja ya udongo, wanakuwa ukuta wenye vichwa, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Nikaupiga umati wote kahawia kwa mguso mmoja. Nikajiona nimeokoa muda.

"Baba, hawa umewaunganisha wote."

"Hao ni wa nyuma."

"Kila mtu peke yake."

"Ndunge, huyu hata uso hana. Ni sikio na bega."

"Basi mpe sikio lake na bega lake. Hujui Riziki atataka kumuangazia nani. Labda hadithi huko mbele inamrudia huyo wa sikio."

"Na kama wote wamevaa kahawia?"

"Kahawia tofauti tofauti. Rangi haijalishi, Baba, weka yoyote. Shida ni kwamba ukiwajaza pamoja, mtu akitaka kumgusa mmoja anawagusa wote."

Ukarudi kwenye kazi yako. Ulikuwa umesema jambo la ufundi tu, kama mtu anayesema funga kopo la rangi lisikauke. Nikaanza kuwatenga. Wa mstari wa mbele ni rahisi. Wa nyuma ni kazi: huyu ni mkono tu uliotokeza, huyu ni kofia, huyu ni nusu ya uso nyuma ya nguzo ya kibanda. Na nilipomfikia huyo wa nguzo, mkono wangu ulisimama. Ukauliza kama nimechoka. Nikasema macho.

Umeniuliza tangu ukiwa shule ya msingi kwa nini tulitoka Pwani, na kila mara nimekujibu neno moja, walitufukuza. Ukiuliza nani, nasema watu wa kule. Ulipokua ukaacha kuuliza. Nilidhani nimekukinga. Nilichofanya ni kukupa umati wa rangi moja, na sasa unakwenda kuishi ndani yake. Kwa hiyo niache niwatenge, mmoja mmoja, kama ulivyonifundisha, halafu uende nao wakiwa hivyo.

Babu yako alitoka vilima vya Mua akiwa kijana, akapata shamba ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, akapanda minazi na mikorosho. Nilizaliwa kule. Kaburi lake liko kule, na usihangaike kulitafuta, hilo ni langu. Nilipomaliza shule nikaenda kwa mtu mmoja aliyeitwa Fundi Bakari, aliyekuwa akiandika vibao vya maduka na majina ya mikokoteni. Hakuniuliza kabila. Aliuliza kama mkono wangu unatetemeka kabla ya kula. Alinifundisha kushika brashi kwa vidole vitatu na kuacha kidole kidogo kitembee ukutani, ili mkono uwe na mahali pa kuegemea. Tazama unavyoshika kalamu ya tableti. Hukufundishwa na mtu, ulinitazama mimi, na mimi nilimtazama yeye.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Karatasi zilitangulia kutupwa usiku, zikisema wa bara waondoke. Kisha asubuhi moja wakaja.

Mbele walikuwa vijana wenye mapanga. Hawa kwa miaka yote nimewaita majirani. Nikiwatazama sasa, wengi wao sikuwajua. Waliletwa kutoka mahali.

Aliyerusha jiwe la kwanza mlangoni nilimjua. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, tulicheza mpira pamoja, na alirusha akinitazama. Huyo simlainishi. Rangi yake ibaki ileile.

Walikuwepo wawili waliokuwa tayari wanafungua mbuzi wetu huku wengine wakipiga kelele. Hao hawakuwa na siasa yoyote.

Kulikuwa na watoto waliofuata kwa sababu watoto hufuata.

Kulikuwa na mama mmoja mzee aliyefunga leso kifuani, akawapigia kelele wale vijana wamwache mama yangu achukue sufuria zake. "Mtamla nini huyu? Sufuria zenu hizi?" Na waliacha. Bibi yako alifika Machakos na zile sufuria, ulipikiwa uji wako wa kwanza ndani yake, na mimi yule mama nilikuwa nimemsahau kabisa mpaka Jumamosi ile. Alikuwa ameingia ndani ya kahawia pamoja na wengine.

Na nyuma ya wote, kando ya nguzo ya kibanda cha nazi, alisimama Fundi Bakari.

Hapo ndipo nilipokwama. Wale wa mapanga niliwaacha kivukoni. Mtoto wa fundi cherehani nilimchukia mpaka nikachoka. Lakini Fundi Bakari alinifuata hadi Athi River, hadi hapa, hadi kwenye kila herufi niliyoandika kwa vidole vyake vitatu. Kwa sababu yake sijawahi kurudi, hata kwa mazishi, hata kwa kazi nzuri ya kuta niliyoitiwa. Nilijiambia alikuja kunitoa. Nilimpa panga mkononi. Miaka ilivyokwenda nikampa na maneno mdomoni, na usiku mwingine nikayasikia.

Ukweli ni kwamba niliona bega na nusu ya uso. Mikono yake ilikuwa nyuma ya nguzo, sikuiona. Mdomo wake sikuuona ukifunguka. Vingine vyote nilijaza mwenyewe, kwa rangi iliyokuwa karibu.

Labda alikuja kunitoa kweli. Sisemi hapana. Labda alikuja kuona kama niko salama akaogopa kujitokeza, na mtu akiogopa mbele ya mapanga mimi sina la kumwambia, maana hata mimi niliogopa. Labda alikuwa anapita akienda kununua nazi. Sijui, na nimeishi maisha yangu kama ninayejua. Hilo ndilo kosa ninalotaka ulione vizuri, kuliko lile la kingo. La kingo tulilirekebisha kabla ya Jumatatu.

Uliponiambia unakwenda Mombasa, niliona umati ule wote ukikungoja kwenye stesheni. Nilikuona unashuka treni, na wao wamesimama, kahawia, na yeye nyuma ya nguzo. Nikaanza habari za mvua. Mama yako alidhani nakasirika kwa sababu hutarithi duka. Duka, Mwaitu, si kitu. Siku hizi wanachapisha mabango kwa mashine, na siku nitakaposhuka ngazi mara ya mwisho, duka limekwisha. Sikukunyima baraka kwa sababu ya duka. Nilikuwa naogopa, na niliona bora niogope nikiwa kimya kuliko kukupa woga wangu uubebe pamoja na chandarua.

Sikudanganyi kwamba kule wote ni wema. Atakuwepo wa kukuuliza jina la baba, na akisikia Mutua atajua wewe ni wa bara, na uso wake utabadilika. Wengi watasikia Mutua na kukuuliza kama umekula. Yule ambaye uso wake umebadilika, mshughulikie yeye, na usimpe rangi yake aliye karibu naye. Na hata yeye, ngoja kwanza mikono yake itoke nyuma ya nguzo. Hujui itakuwa na nini. Ukiona jiwe, basi ni jiwe, ondoka, panda treni urudi, sitakuuliza kitu. Lakini uwe umeliona.

Kuhusu kazi yenyewe unanipita, sina la kukufundisha. Niseme tu kitu kimoja cha mtu mzima. Kitabu kitakapochapishwa, wataona vivuli vya Riziki na wino wa mchoraji. Rangi zako zitakuwa chini, zimebadilishwa zote, hata ukuta wa zambarau utakuwa umetoweka. Itakuuma mara ya kwanza. Mimi niliumia nilipokuta bango langu limegeuzwa mlango wa banda la kuku huko Konza. Nilisimama barabarani nikalitazama, kuku wakitoka katikati ya herufi zangu, na herufi zilikuwa bado zimenyooka. Nikaenda zangu. Sijui kwa nini nakuandikia hili, ila nilipoondoka pale sikuwa na huzuni.

Basi nalisema. Nenda, Mwaitu. Nenda kule kule. Nimelisema kwa sauti hapa mezani nilipokuwa naliandika, mama yako akauliza kutoka chumbani, "Nini?" Nikamwambia nasoma.

Kesho kabla hatujatoka kuelekea stesheni ya Athi River nitakufanyia ile baraka ya wazee wetu, mate kidogo kwenye viganja. Najua utacheka. Cheka, lakini usipanguse mpaka treni iondoke.

Na ninakuomba kitu, si wiki ya kwanza, wala si mwezi wa kwanza. Siku utakapokuwa umezoea, vuka kivuko uulizie Fundi Bakari aliyekuwa akiandika vibao. Kama alishakufa watakuambia, nawe utawapa watu wake pole kwa jina langu, ulitaje jina lote. Kama yu hai atakuwa mzee sana. Mpe shikamoo, mwambie wewe ni binti ya Mutua. Usimuulize alikuwa akifanya nini asubuhi ile. Hilo swali ni langu, nataka kulitamka mwenyewe. Wewe piga namba yangu, mpe simu mkononi, halafu toka nje kidogo utuache.

Ni mimi, ambaye kesho huenda nisiseme mengi,
Baba yako